Shampuu ya Kamanda

Kila Jumamosi, kabla mteja wa kwanza hajakaa kitini, Chiriku alikuwa ameshafagia nywele za jana, amefua taulo za saluni na kuzianika uani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alihesabu taulo kwa sauti, aliugombeza ufagio, na mteja aliyekuja kuosha nywele tu aliondoka akijua habari za darasa zima la Chiriku, pamoja na nani kakosana na nani.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili vya mbele vilivyotazama barabara. Cha kulia kilikuwa saluni ya mama yake, msusi. Cha kushoto alishonea nguo shangazi yake, dada wa baba. Baba alikuwa dereva wa lori na mara nyingi alikuwa safarini, kwa hiyo mawifi hao wawili walitaniana kutwa kupitia mlango wa katikati. Shangazi alidai kwamba wifi yake anavuta nywele za watu mpaka wanalala macho wazi. Mama naye alijibu kwamba nguo za wifi yake zinabana makusudi, ili mteja akose pumzi ya kulalamika.

Jumamosi hiyo hapakuwa na utani. Shangazi alisimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, uso umekunjamana.

"Wifi, jana bibi harusi amekuja kujaribu gauni lake, katoka hapa anajikuna miguu," alisema. "Nikaliangalia gauni. Kiroboto, nimemwokota kwa vidole hivi, juu ya kitambaa cheupe."

"Hata kwangu juzi mteja mmoja kauliza kama tunawafuga," Mama alisema.

"Basi imetosha. Nikirudi leo jioni, Pindo anakwenda kwa yule mzee mwenye ghala la nafaka. Huko akawinde panya wake kwa raha."

Chiriku aliacha kufagia. Pindo alikuwa paka wa shangazi, wa kijivu, mwenye mguu mmoja mweupe. Mama yake Pindo alikufa Pindo akiwa bado hajafungua macho, na Chiriku ndiye aliyemlea, akimnyonyesha maziwa kwa kipande cha kitambaa. Alimpenda kuliko kiumbe chochote chenye miguu minne, na kuliko wengi wenye miwili.

"Shangazi, viroboto wakiisha, atabaki?"

"Wakiisha, kwa nini asibaki? Lakini nimemwosha mara mbili na wamerudi. Wewe mwache tu, mwanangu. Usimfanye chochote. Nikirudi tutaona."

Shangazi alibeba mfuko wa nguo za wateja akaenda kuzipeleka. Chiriku alibaki na neno moja tu kichwani: wakiisha. Hilo la "usimfanye chochote" lilipita sikio moja likatokea la pili.

Chumba cha nyuma alilala mjomba wake, kaka wa Mama. Alikuwa mlinzi, alifanya kazi usiku na kulala mchana, na alikuwa na mbwa mkubwa wa kazi aitwaye Kamanda. Juu ya dirisha lake, upande wa uani, kulikuwa na chupa ya shampuu ya Kamanda. Mjomba alishasema wazi kwamba chupa hiyo asiiguse mtu. Mbele ilikuwa na picha ya mbwa, na maneno makubwa mekundu: HUUA VIROBOTO NA KUPE. Nyuma kulikuwa na maneno mengine mengi, madogo, yaliyobanana. Chiriku aliyasoma makubwa. Madogo aliyaona kuwa ni ya watu wenye muda.

Ndani ya saluni, Mama alikuwa ameanza kumsuka mteja mwenye nywele ndefu, kazi ya kutwa nzima. Chiriku alichukua beseni, akajaza maji, akamchukua Pindo akaenda naye nyuma ya bafu.

Katika saluni ile Chiriku alikuwa amejifunza mambo mawili ambayo aliyaamini kuliko somo lolote la shuleni. La kwanza, dawa ya nywele lazima ikae ndipo ishike. Mteja hupakwa, hufungwa kofia ya plastiki na taulo la moto, kisha hukaa chini ya drai, mashine ya kukaushia nywele, mpaka dawa imwingie. La pili lilikuwa neno la wateja wenyewe: ikiwasha, ujue inafanya kazi. Basi Chiriku alimhudumia Pindo kama mteja. Alimpaka shampuu ya Kamanda kutoka shingoni mpaka mkiani, akaisugua ikatoa povu zito. Kisha alileta taulo lililopashwa moto kwenye drai, akamfunga Pindo kikabaki kichwa tu, akampakata.

"Vumilia, mteja wangu," alimnong'oneza. "Uzuri una gharama."

Alipofungua taulo, viroboto waliokufa walikuwa wametapakaa juu yake. Chiriku alitaka kupiga kelele kwa furaha. Alianza kumsuuza, lakini Mama alimwita alete vitana, naye Pindo akachomoka beseni likamwagika. Chiriku alimfuta juu juu, akampaka krimu ya nywele ya saluni yenye harufu ya maua ili anukie vizuri Shangazi akirudi. Chupa ya mjomba akaificha nyuma ya madumu ya shampuu ya Mama.

Saa saba mchana hivi, Pindo alikuwa amelala chini ya cherehani. Chiriku alimpelekea chakula, akaona masikio yanachezacheza. Alidhani ni nzi. Kisha akaona mate yanamtiririka na kulowesha kifua. Pindo alijaribu kusimama, lakini alikanyaga kama mtu anayetembea juu ya makaa, akiinua kila mguu na kuutikisa. Halafu mwili wote ukaanza kutetemeka, na haukuacha.

"Mama," Chiriku aliita. "Mama, njoo."

Mama alikuja na kitana mkononi. Alipiga magoti, akamgusa paka, akainua macho.

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu."

"Mbona manyoya yamelowa?"

"Nimemwosha. Kwa... kwa shampuu yetu ya saluni."

Hapo ndipo mlango wa uongo ulipofunguka, na ulifunguka kwa wepesi sana. Mama hakuuliza zaidi. Alivua aproni, akamwambia mteja, "Nisamehe dada, nakuja," akamwacha nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Walimweka Pindo ndani ya kapu la nguo, wakatoka mbio.

Kliniki ya mifugo ilikuwa mtaa wa pili. Daktari alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira, anayeongea polepole huku mikono yake ikifanya kazi haraka. Alimweka Pindo juu ya meza ya bati, akampima joto, akamulika macho kwa tochi.

"Ameanza lini?"

"Sasa hivi, daktari," Mama alijibu. "Asubuhi alikuwa mzima."

"Amekula nini? Amepakwa nini?"

Mama alimtazama Chiriku.

"Nimemwosha kwa shampuu ya Mama," Chiriku alisema, akiangalia buti za daktari.

Daktari aliinama akanusa manyoya. Yalinukia maua. Alitikisa kichwa. "Shampuu ya watu haimfai paka, inamkausha ngozi. Lakini haimtetemeshi hivi. Hii ni sumu. Nyumbani mnaweka sumu ya panya?"

"Kwetu hapana," Mama alisema. "Kwa majirani sijui."

Daktari alimchoma sindano ya kutuliza. Mtetemeko ulipungua kidogo, kisha ukarudi. Akatoa kabatini chupa ya dawa nyeusi na mpira mwembamba wa kunyweshea.

"Kama amekula sumu, namnywesha hii, inaishika tumboni isisambae. Ila nawaambia ukweli: paka anayetetemeka hivi ukimnywesha anaweza kupaliwa, ikamwingia kwenye mapafu, na hapo tunampoteza. Nisingependa kufanya hivyo bila sababu. Hamna lolote jingine mnalolijua?"

Chiriku alilijua. Lakini kila alipotaka kufungua mdomo, aliiona sura ya mjomba, sura ya shangazi, na ya Mama, ambaye yeye Chiriku alikuwa ameshamdanganya mara mbili. Alijiambia kwamba labda sindano itafanya kazi. Alijiambia kwamba shampuu ni shampuu, haiwezi kuua. Aliogopa vibaya sana, na woga ule ukamfunga mdomo.

Mlango ulisukumwa kwa nguvu. Shangazi aliingia akihema. Alikuwa amerudi nyumbani mapema na kumkuta mteja wa wifi yake kibarazani, kichwa nusu kimesukwa, naye ndiye aliyempa habari. Alipomwona Pindo akitetemeka juu ya bati, alishika mdomo.

"Kalishwa sumu," aliuliza, "au sivyo?"

"Inaelekea hivyo," daktari alisema.

Uso wa Shangazi ukabadilika. "Ni fundi viatu wa pale kona. Wiki iliyopita Pindo alimkojolea viatu vya mteja, na yule mzee akaapa mbele ya watu kwamba iko siku atamkomesha. Kumbe alikuwa hatanii. Leo atanieleza, na mtaa mzima utasikia."

Alifunga khanga kiunoni, akageuka kwenda mlangoni.

Chiriku alimjua fundi viatu. Alikuwa mzee mpole mwenye mdomo mkali, aliyemshonea viatu vya shule na kumuuliza kila mara kama anavila. Sasa angefuatwa na kuitwa muuaji mbele ya wateja wake. Na daktari alikuwa ameshaushika ule mpira mwembamba, akimwomba Mama ashike kichwa cha Pindo.

Mama hakukishika. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Chiriku," alisema taratibu, "tangu tutoke nyumbani hujasema maneno kumi. Wewe huyo. Una nini?"

"Nilimpaka ya Kamanda," Chiriku alisema. Yalitoka yote kwa mkupuo. "Shampuu ya mjomba, ya viroboto. Si ya saluni. Nilimpaka mwili mzima nikamfunga taulo la moto ili imwingie, halafu sikumsuuza vizuri. Shangazi, usiende. Fundi viatu hajafanya kitu. Ni mimi."

Kucha za Pindo ziligonga bati. Daktari aliuweka mpira chini. Hakugomba.

"Chupa iko wapi?"

"Nyuma ya madumu ya Mama."

"Kimbia ukailete. Wewe mama, pale kwenye sinki kuna sabuni ya kuoshea vyombo. Nataka maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto."

Chiriku alikimbia. Alipita mbele ya fundi viatu, aliyeinua nyundo kumsalimu, na hakuweza kumtazama. Aliporudi na chupa, pumzi imemwishia, daktari aliigeuza upande wa nyuma na kumnyooshea kidole mahali pa kusoma.

"Soma kwa sauti."

"Kwa mbwa tu," Chiriku alisoma. "Usitumie kwa paka. Ina madhara makubwa kwa paka."

Yalikuwa maneno machache. Angeweza kuyasoma asubuhi ile wakati beseni likijaa maji.

"Mwili wa mbwa unaweza kuivunja dawa hii ikamtoka," daktari alisema, huku akimimina sabuni kiganjani. "Mwili wa paka hauwezi. Inabaki humo, inavuruga mishipa ya fahamu. Na taulo la moto limeisaidia kuingia. Sasa tunaitoa iliyobaki kwenye manyoya. Tangu mmefika hapa imekuwa ikiendelea kumwingia, na mimi nikitafuta sumu ya panya."

Shangazi alishika miguu ya mbele, Mama ya nyuma, Chiriku akamimina maji. Waliosha, wakasuuza, wakaosha tena. Katikati ya kusuuza mara ya pili Pindo alikakamaa. Kichwa kilipinda nyuma, miguu ikanyooka, macho yakageuka. Ilikuwa degedege. Shangazi alilia kwa sauti. Daktari alimchoma sindano nyingine, akasubiri, kiganja chake kikiwa juu ya mbavu ndogo za paka. Chiriku hakupumua mpaka mbavu zile zilipopanda tena.

Walimkausha, wakamfunika blanketi, daktari akamwekea dripu mguuni, ule mweupe.

"Atalala hapa," alisema. "Siwaahidi kitu. Njooni kesho."

Nyumbani, mjomba alikuwa ameamka na kuitafuta chupa yake. Mama alimweleza. Chiriku alisimama mbele yake akingoja kugombezwa, lakini mjomba alikaa kwenye ngazi, akajikuna kichwa.

"Na mimi nina langu," alisema. "Dawa kali nimeiweka dirishani kama ua. Lakini wewe nilikukataza, mpwa wangu."

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

Usiku Chiriku hakulala sawasawa. Mara kadhaa alikumbuka kwamba Pindo yuko peke yake kwenye chumba kigeni, na kila alipokumbuka alilia, akijifunika shuka ili asisikike.

Asubuhi walikwenda kliniki wote watatu, yeye, Mama na Shangazi. Daktari aliwafungulia mlango, akawaongoza mpaka kwenye kizimba. Pindo alikuwa amelala ubavu. Sikio moja lilicheza. Shangazi alipoita jina lake, aliinua kichwa, akakiacha kikayumba kidogo, kisha akatoa mlio mwembamba, uliokwaruza, wa kulalamika.

"Amekula alfajiri," daktari alisema. "Atakuwa dhaifu kwa siku chache, lakini hatari imepita."

Mama alikaa kwenye benchi. Chiriku alipitisha kidole kwenye nondo, na Pindo akakinusa.

"Sasa nisikilizeni kuhusu viroboto," daktari aliendelea, "maana hamkuniletea huyu ili nimponye akapakwe tena. Shampuu ya mnyama unaichagua kwa mnyama mwenyewe. Ya mbwa ni ya mbwa, ya paka ni ya paka, na mtoto wa paka hapakwi ya mkubwa. Unasoma mbele na nyuma. Unafuata kipimo na muda ulioandikwa, kisha unasuuza mpaka maji yatoke safi. Usipoelewa, njoo uulize, kuuliza hapa ni bure. Na wewe mshonaji, mabaki ya vitambaa unayaweka wapi?"

"Chini ya cherehani," Shangazi alisema. "Kuna rundo. Pindo ndipo anapolala."

"Viroboto wako huko. Mayai yao yamo kwenye rundo hilo na kwenye nyufa za sakafu. Ungempeleka paka ghalani, nao wangebaki kukuuma wewe na wateja wako."

Shangazi aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo kosa lilikuwa chini ya miguu yangu. Pindo haendi popote. Leo nachoma lile rundo, na Chiriku atapiga deki."

"Nitapiga deki kila siku," Chiriku alisema. Kisha akamgeukia daktari. Alikuwa na swali lililomnyima usingizi. "Daktari, ningesema ulipouliza mara ya kwanza, angepata degedege?"

Daktari angeweza kumpa jibu la kumfariji.

"Sidhani," alisema. "Ningemwosha papo hapo."

Machozi yalimtoka Chiriku, na safari hii hakuyaficha. Mama alimvuta akamkalisha kando yake kwenye benchi.

"Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua," alisema. "Kumpaka dawa isiyo yake ulikosea kwa kutojua na kwa kutosikia. Hilo mimi nimekusamehe. Mikono yangu imechoma vichwa vya watu wakati najifunza kazi. Lakini pale mezani ulijua, ukanyamaza. Daktari alikuwa karibu kumnywesha paka dawa ambayo ingeweza kumuua, na shangazi yako alikuwa karibu kumvunjia heshima mzee wa watu. Kosa ulilolisema mapema linatibika. Ukilificha linakua, na wanaolipa ni wengine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Sawa. Futa machozi. Daktari ana kazi ya kumtoa Pindo sindano ya dripu, anahitaji mtu wa kumshika."

Chiriku alinawa mikono mpaka viwiko kama alivyoelekezwa. Kizimba kilipofunguliwa, aliinama kumchukua Pindo. Pindo alipoiona mikono ile ikimjia alirudi nyuma mpaka ukutani, masikio yamelala, miguu ikitetemeka kwa woga.

Chiriku alisimama pale pale, mikono hewani. Kisha aliishusha taratibu, akasogea kando kumpisha shangazi yake.